Kompresa Iliyotangazwa Marehemu Kabla ya Kupimwa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa hafla hii, ambaye ni mimi. Naibu Mwenyekiti, ambaye hakuweza kufika na ambaye kwa hivyo ninamkaimu, yaani bado ni mimi. Wakuu wa idara mliofika, na wakuu wa idara mliotuma madereva wenu wakalie viti vyenu. Machifu, manaibu wa machifu, wazee wa mtaa, na wazee wasio na mtaa lakini ni wazee. Maaskofu, wachungaji, maimamu, na wale ndugu wanaohubiri stendi ya mabasi bila kipaza sauti na bado wanasikika. Wenyeviti wa vyama vya akina mama, vya vijana, vya bodaboda, vya wafugaji wa Ndara, na mwenyekiti wa chama cha wenyeviti. Madereva wa malori mlioegesha pale kando ya barabara mkidhani kumetokea ajali. Wanafunzi mlioletwa kuimba, na walimu mliokuja kuhakikisha hawaimbi ule wimbo mwingine. Na mwishoni kabisa nyinyi wananchi wa kawaida wa Maungu, mliosimama juani tangu saa mbili kwa sababu hema liliwatosha tu hao niliotangulia kuwataja: hamjambo? (Hatujambo!) Sijasikia. Hamjambo tena? (Hatujambo! Jua!)

Jua nimeliona. Jua limo kwenye mpango kazi wangu wa miaka mitano, ukurasa wa arobaini, na linashughulikiwa. (Makofi kutoka hemani.)

Kwa wale wasionifahamu, ambao utafiti wetu unaonyesha ni asilimia sufuri nukta mbili, mimi ni Sylus Muinde, Mkurugenzi Mtendaji wa Idara ya Hewa, Ubaridi na Masuala Yanayofanana Nayo, yenye ofisi pale Voi, ghorofa ya pili, ule mlango wenye kapeti. Na leo, mbele ya wastekihoda, yaani wadau wote, ninazindua Kituo cha Umahiri cha Kutambua Magonjwa ya Kompresa na Kuamua Kati ya Kutengeneza na Kununua Upya, kifupi chake KIUKUMAKOKUKAKUKUU. (Kicheko kirefu. Sauti: Rudia!) Sitarudia. Mara ya kwanza nilibahatika.

Sasa, nafahamu wengi wenu hamna AC nyumbani. Basi niwaeleze kwa lugha nyepesi. AC ina masanduku mawili, moja ndani ya chumba linalopuliza, na moja nje linaloteseka. Ndani ya lile la nje kuna dude la chuma jeusi, kama mtungi mdogo wa gesi ya kupikia, ndilo kompresa. Hilo ndilo moyo. Linasukuma gesi kwenye mabomba, gesi inazunguka, inabeba joto la ndani inakwenda kulimwaga nje. Moyo ukisimama, lile la ndani litaendelea kupuliza tu, lakini litakupulizia joto lako mwenyewe, kama mimi ninavyo... (Sauti: Kama hotuba!) Kama feni. Nilitaka kusema kama feni.

Maono ya kituo hiki hayakuteremka kutoka mlimani. Yalianza na mlio. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili, saa tano asubuhi, na nyinyi mnaijua Voi ya mwezi wa pili: hata mbuzi anatembea akichagua kivuli cha nguzo ya stima. Mimi niko ofisini, nimevaa suti vipande vitatu, ninasaini. Mara AC yangu ikafanya hivi: mmmmmmmm, halafu, tak! Kimya. Baada ya dakika tatu tena: mmmmmmmm, tak! Hewa inayotoka ni ya moto. Nikamwita katibu wangu, Bi. Carolyne, yule pale mwenye faili, punga mkono Carolyne, nikamwambia, "Kuna mtu anahujumu serikali."

Akasema, "Mheshimiwa, ni AC hiyo. Niite fundi?"

Nikamwambia, "Fundi baadaye. Kamati kwanza."

Na kamati ikaketi, ndugu zangu! Watu kumi na mmoja katika chumba kisicho na hewa, kwa saa nne, tukisikiliza mmmmmm-tak, mmmmmm-tak, na kila ikisema tak mjumbe mmoja anaandika. Tulipotoka tulikuwa tumelowa kama waliobatizwa, lakini tulikuwa na azimio: kompresa imefariki. Kwa kauli moja! Nikasaini, nikagonga muhuri, nikaamuru mashine nzima ing'olewe na itupwe uani nyuma ya choo, na barua ya rambirambi, samahani, barua ya taarifa, ipelekwe kwa idara zote. Niwaulize, ni mkurugenzi gani mwingine katika ukanda huu ameamua jambo zito hivyo kwa siku moja? (Hakuna!) Asanteni. (Sauti ya mwanamke: Na haikuwa imekufa!)

Naam. Huyo ni fundi Wakesho. Msimame mumwone. Binti wa Werugha, ana kibanda chake pale nyuma ya soko la Voi, anatengeneza friji, AC, na jeuri. (Vigelegele.) Huyu hakuwa amealikwa na kamati. Aliitwa na Carolyne kwa njia za panya, kwa sababu jasho langu lilikuwa linadondoka kwenye barua na kufuta saini. Akafika na ngazi begani kabla wabomoaji hawajafika, akaniuliza, na ninanukuu neno kwa neno kwa ajili ya kumbukumbu rasmi:

"Mheshimiwa, mmefungua mkaangalia?"

Nikamwambia, "Fundi, mkurugenzi hafungui. Mkurugenzi hufunguliwa."

Akapanda ngazi. Akatoa kifuniko cha sanduku la nje, akapuliza, na lile vumbi jekundu la kwetu likaruka likaingia ofisini likakaa kwenye suti. Akaita kutoka juu, "Hapa unaweza kupanda kunde! Hii koili, haya mabomba yenye mabati membamba, haijaoshwa tangu ifungwe. Mashine inapumulia ndani ya gunia." Halafu akashika kidubwana cha fedha, kama kopo dogo la maziwa, akanionyesha kupitia dirishani. "Na hii ndiyo kapasita. Kazi yake ni kuisukuma kompresa ianze, kama vijana wanavyosukuma gari lisilowaka. Iangalie juu. Inatakiwa iwe bapa. Hii imevimba kama mandazi."

Nikamwuliza, "Kwa hivyo kompresa imekufa kwa mandazi?"

Akasema, "Kompresa haijafa, Mheshimiwa. Inataka kuamka, haina wa kuisukuma. Ndiyo inasema mmmm. Ikishindwa inajizima isiungue, ndiyo ile tak. Nibadilishe hii, nioshe koili, nipime, ndani ya saa mbili umepoa."

Ndugu zangu, hapo ndipo uongozi hupimwa. Mbele yangu ukweli, mkononi mwangu muhuri. Nikamtazama yule binti, nikamwambia kwa utulivu, "Fundi, unayosema yana mantiki. Lakini nimeshasaini." (Kicheko. Mtu anaanguka kutoka kwenye kiti cha plastiki, anasaidiwa.) Mpeni maji. Kama maji yapo. (Hakuna!) Basi mpeni nafasi.

Mashine ikang'olewa. Nikabaki na ukuta wenye matundu mawili. Na Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikuwa natarajia mgeni mheshimiwa kutoka Nairobi, mkaguzi wa miradi ya ubaridi, na huwezi kumkagulisha mtu ubaridi katika chumba cha nyuzi joto thelathini na nane. Ndipo nikafungua daftari la mali ya umma, nikapitisha kidole, nikakuta kwamba Zahanati ya Kirumbi, hapa hapa upande wa Maungu, ina AC. Kwenye stoo ya dawa. Nikajiuliza, dawa zinatoka jasho? Dawa zinavaa suti? Nikachukua gari na vijana wanne, nikaenda kufanya kile ambacho wataalamu wanakiita ugawaji upya wa rasilimali kimkakati. (Sauti: Uliiba!) Nani amesema hivyo? (Sauti nyingi: Uliiba!) Msimwandike huyo. Msiwaandike hao wote.

Mlangoni nikamkuta Sista Elsie, mwuguzi msimamizi. Yule pale, mwenye sweta la bluu mabegani hata leo, sijui anawezaje. Akasimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

"Mheshimiwa, hiki chumba bila AC kinafika thelathini na saba. Hizi dawa zimeandikwa zisizidi thelathini. Za presha, za kisukari, za watoto. Nitaziweka wapi?"

Nikamwambia, "Sista, hilo ni swali la idara ya dawa. Mimi ni idara ya hewa."

Akasogea kando ya mlango. Halafu akasema, "Sawa, ichukue, mimi sina askari. Lakini nakuambia uso kwa uso: hiyo mashine ni mgonjwa. Ikiwaka asubuhi taa zote hufifia. Inagonga, gong'o, gong'o, gong'o. Wiki iliyopita ilikata stima mara mbili."

Nikaitazama. Nyeupe! Inang'aa! Ina kitaa cha kijani kinachopepesa kama jicho la bibi harusi! Nikamwambia, "Sista, mashine yenye nguvu lazima isikike." Na tukaondoka nayo tukipiga honi.

Sasa nije kwenye takwimu, kwa maana serikali ni takwimu. Baada ya zoezi hilo, Sista Elsie, kwa ubunifu ambao idara yangu inajivunia, alipakia makasha yote ya dawa kwenye pikapu iliyoleta kabeji kutoka Werugha na iliyokuwa inarudi tupu, akayapeleka huko juu kwenye ukungu, ambako hata kivuli hutetemeka, yakahifadhiwa chumbani kwa shangazi yake. Matokeo: idadi ya wakazi wa Maungu waliopanda mlima kutembelea Werugha iliongezeka kwa asilimia mia tatu na kumi. Utalii wa afya, ndugu zangu! (Sauti: Tulifuata dawa!) Mtalii ni mtalii, hata akifuata dawa. Watu walienda na shati wakarudi na kikohozi na kabeji. Uchumi ulizunguka!

Na miongoni mwa watalii hao alikuwemo Mzee Mutinda, anayetumia vidonge vya presha kila siku bila kukosa, na ambaye, kwa ajili ya uwazi na uwajibikaji, natangaza kwamba ni baba mkwe wangu. (Umati: Ooooh!) Ndiyo. Ooh. Hilo lilikuja kunifikia kwa kuchelewa. Siku ya kwanza mzee alikwenda stendi, gari halikuja. Siku ya pili lilikuja limejaa. Siku ya tatu...

(Watu wanasogea karibu na jukwaa.)

Siku ya tatu mzee alianguka pale pale stendi, kofia yake ikabingirika hadi chini ya lori. Vijana wa bodaboda wakambeba, mmoja mbele mmoja nyuma, naye katikati kama gunia la mahindi, wakamfikisha Kirumbi. Na Sista Elsie akakaa naye kwenye ule ukumbi wa moto, akimpepea kwa kifuniko cha kasha, huku dereva mmoja wa lori, sijui jina lake, kama uko hapa inua mkono, (mkono mmoja unainuliwa kando ya barabara) ubarikiwe, akipiga simu kila mahali hadi vidonge vikateremshwa kutoka Werugha kwa pikipiki. Mzee alifumbua macho magharibi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kofia yangu iko wapi?" La pili siwezi kulisema mbele ya maaskofu, lakini lilinihusu.

Nilifika nimechelewa. Nikasimama mlangoni. Nilikuwa na hotuba fupi ya pole mfukoni, kurasa sita. Sikuisoma. Nyumbani mke wangu akaniwekea chakula mezani bila neno, akaenda kulala chumba cha watoto, na kwa siku tisa mfululizo mawasiliano yote kati yetu yalipitia kwa mtoto wetu wa mwisho, ambaye ana miaka mitatu na hapeleki ujumbe kwa usahihi.

Tuendelee! Tuendelee, msinitazame hivyo, hii ni sherehe! Kwaya, pigeni ngoma kidogo! (Ngoma kidogo.) Hiyo inatosha.

Wakati hayo yote yanatokea, fundi Wakesho alikuwa amekwenda kwa Carolyne akamwambia, "Ile maiti ya nyuma ya choo, inatakiwa na mtu?" Carolyne akamwambia, "Hakuna aliyeililia." Wakajaza fomu, kwa sababu Carolyne ni mtumishi wa kweli, akaandika: mashine mfu, inatolewa kwa mafunzo. Na mimi nikaisaini bila kuisoma, jambo ambalo leo ninalitaja kama uamuzi wangu wa kimkakati kuliko yote. (Kicheko na makofi.)

Binti akaibeba kwa mkokoteni hadi kibandani. Akaweka kapasita mpya. Akaiosha koili kwa maji ya taratibu, kutoka ndani kwenda nje, si kwa presha ya kuoshea malori, anasema presha inalaza yale mabati membamba kama nyasi. Akashika mita yake ya stima akapima kama stima inavuja kutoka kwenye kompresa kwenda kwenye mwili wa chuma. Haivuji. Akapima gesi. Ipo. Akawasha. Na ile maiti, ndugu zangu, ile ambayo watu wazima kumi na mmoja waliitangaza marehemu kwa kauli moja, ikanguruma mara moja, ikatulia, na akina mama wa nyanya waliokuwa sokoni wakajaa mlangoni kwa Wakesho, kila mmoja anavuta blauzi yake mbele ya ule upepo na kusema, "Yesu wangu!" (Vigelegele, mama mmoja anacheza hadi mbele ya jukwaa.) Cheza mama! Hiyo ni haki yako ya kikatiba!

Jioni hiyo hiyo akaifunga Kirumbi, kwenye stoo ya dawa. Makasha yakateremka kutoka Werugha yakinukia kabeji. Na tangu siku hiyo stoo ile haijapita nyuzi ishirini na nne. Sista, nadanganya? (Sista Elsie: Kwa hilo, hudanganyi.) Mmesikia? Kwa hilo! Iandikwe!

Sasa, Ijumaa. Mgeni amefika. Suti ya kijivu, miwani, kalamu mbili. Nimemketisha chini ya mashine mpya, yaani ile niliyoihamisha, Carolyne ameleta chai, nami nikasema, "Mheshimiwa, karibu uhisi ubaridi wa Voi," nikabonyeza rimoti. Taa zote za ghorofa ya pili zikafifia. Mgeni akatazama juu. Nikamwambia, "Ni heshima, zinakuinamia." Halafu: gong'o, gong'o, gong'o, kama mtu amefungiwa ndani ya pipa. Mgeni akaandika kitu. Gong'o, gong'o, halafu PAA! Stima yote ikaondoka, moshi mweusi ukachungulia dirishani, na harufu, ndugu zangu, kama sufuria ya maharagwe iliyosahauliwa na mtu aliyehama nyumba. Mgeni alishuka ngazi na kikombe cha chai mkononi. Hakumwaga hata tone. Ni mtu wa viwango. Hajarudisha kikombe hadi leo.

Wakesho akaja. Safari hii nilimwita mwenyewe. Akapima kwa mita, akafungua bomba moja kidogo, akatoa tone la mafuta kwenye kitambaa cheupe, akanionyesha: meusi tii, yananuka kuungua. Akasema, "Mheshimiwa, hii sasa ndiyo marehemu."

Nikafurahi! Maana sasa nilikuwa nimejifunza! Nikamwambia, "Basi weka kapasita, osha koili, tuimbe haleluya!"

Akasema, "Hapana. Hii, nyaya za ndani zimeungua, zimegusa chuma, ndiyo maana imekata stima."

"Basi weka kompresa nyingine humo humo."

"Mafuta yakiungua hivi yanatembea mabomba yote na kuyachafua. Nikikuwekea moyo mpya kwenye damu chafu, hautafika Pasaka. Na mashine yenyewe ina miaka kumi na minne, gesi yake siku hizi ni ya kutafutwa kama maji ya Maungu. Ukihesabu kompresa, gesi na kazi, unakaribia kununua nzima. Hii iache. Nunua nyingine, na uioshe."

Nikamwambia, "Kwa hivyo ile ya kutengeneza niliitupa, na ya kutupa nataka kuitengeneza?"

Akafunga mkoba wake. "Mimi nimesema kompresa tu, Mheshimiwa. Hayo mengine umesema mwenyewe."

Tangu hapo ninafanya kazi dirisha likiwa wazi. Vumbi linaingia, karatasi zinaruka, siafu wamepata njia kupitia yale matundu mawili, na ninaona watu wakipita chini, jambo ambalo zamani sikuwa naliona kwa sababu ya mapazia. Jumamosi moja nikaenda Kirumbi kwa miguu kutoka barabarani. Mzee Mutinda alikuwa amekuja kuchukua vidonge, amekaa kwenye benchi nje ya stoo, mgongo kwenye ukuta uliopoa. Nikapiga magoti kama ipasavyo kwa mkwe, nikasema, "Baba, naomba kueleza muktadha wa..." Akanigusa bega. "Muinde, mwanangu, nyamaza kidogo." Nikanyamaza. Tukakaa hivyo, labda nusu saa, tukisikiliza mashine ikinguruma. Niwaambie ukweli, katika utumishi wangu wote wa umma, hicho ndicho kikao pekee nilichohudhuria kikaisha bila maazimio. Na Jumapili mke wangu akanipakulia nyama.

(Makofi, ya polepole, kutoka upande wa juani.)

Asanteni. Sasa turudi kwenye maendeleo! Kituo hiki kitakuwa na ghorofa saba, na kila ghorofa itashughulikia mlio mmoja. Ghorofa ya kwanza, mmmm-tak. Ya pili, gong'o-gong'o. Ya tatu, bomba linaloota barafu, ambalo fundi anasema mara nyingi ni gesi iliyovuja au chujio lililoziba na si kompresa kabisa, kwa hivyo ghorofa hiyo itakuwa fupi. Tutatoa mafunzo kwa mafundi elfu kumi na wawili kila robo mwaka, idadi inayozidi watu wazima wa eneo hili, lakini tutaagiza wengine. Na kila nyumba ya Werugha, nasema kila nyumba, itafungiwa AC! (Sauti za Werugha: Sisi tunavaa sweta! Tuleteeni blanketi!) Mtafungiwa, mtajua wenyewe! Ndovu wanaoshuka kutoka mbugani watawekewa kona yenye kivuli na hewa safi ili wasitafute ubaridi mashambani mwenu, na hilo liko kwenye fremuwaki, tayari tumelifanyia benchimaki, yaani kujilinganisha na wenzetu, kupitia picha.

Simameni tupige kauli mbiu! Nikisema ikilia, mnasema pima! Ikilia! (Pima!) Ikivimba! (Badili!) Ikiungua! (Nunua!) Koili ikichafuka! (Osha!) Safi kabisa! Ikiwa ya zahanati! (Rudisha!) Hiyo haikuwa kwenye programu. (Rudisha! Rudisha! Ngoma inaingia yenyewe. Kwaya inaanza ule wimbo mwingine. Walimu wanakimbia huku na huku, kisha wanakata tamaa na kuimba.)

Haya! Haya, tulieni, nafikia ukingoni, na mkono unaoshika kipaza sauti umechoka hata kama mdomo haujachoka. Namshukuru Mama Ndanu kwa kutuazima shamba hili hadi saa kumi, kwa maana saa kumi na dakika tano mbuzi wake wanarudi na hawajui itifaki. Nawashukuru madereva wa malori, naona wameshamzunguka fundi Wakesho pale kando wakimwuliza habari za AC za kebini zao, na yeye ameshafungua boneti ya lori la tatu, jambo zuri, ingawa anatumia meza yangu ya wageni mashuhuri kupangia spana. Namshukuru Bi. Carolyne, ambaye amekuwa akinionyesha ishara tangu nianze kuzungumza. Carolyne, sema tu. Sema kwa sauti, hawa ni watu wetu.

(Carolyne anamnong'oneza. Mkurugenzi anasikiliza kwa muda mrefu. Anavua koti, kwa mara ya kwanza siku hiyo.)

Ndugu wananchi, nimearifiwa. Kwa moyo mkunjufu kabisa, nawashukuru kwa kujitokeza kwa wingi kuzindua kituo ambacho hakijajengwa, hakijachorwa, hakina kiwanja, na ambacho, kwa mujibu wa katibu wangu, hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kukiombea idhini, kwa sababu barua ya maombi ni mojawapo ya zile zilizofutwa na jasho langu. Utepe tutaukata hivyo hivyo, maana umeshafungwa kwenye miti miwili ya watu. Na zile fulana mlizopewa, msihangaike kuzirudisha. Mkigeuka mtazamane migongo, mtaona zimeandikwa: Uzinduzi wa Uwanja wa Ndege wa Maungu.